Mbau: Dawa ya kuku inabaki ndani ya yai, lakini nani anaipima?

Kule Mbau, kilometa kama 20 kaskazini ya mji wa Beni kwenye barabara ya taifa namba 4, ufugaji umebadilika sura juu ya vita. Tangu mauaji yaanze mwezi wa 10, 2014, familia nyingi ziliacha mashamba ya mbali ya kakao na muhogo, sababu kwenda shambani kumekuwa ni kuweka maisha rehani. Kazi iliyobaki ni ile inayofanyika kando ya nyumba: kuku, simbilisi, sungura, mbuzi wawili ao watatu, ngurube ndani ya kibanda cha mbao. Mifugo hiyo ndiyo benki ya mtu aliyekimbia. Mtoto akigonjwa, kuku anauzwa. Masomo yakianza, ngurube anauzwa.

Kwa hiyo kuku mmoja akianza kusinzia asubuhi, mwenye kuku hangojei. Mtoto anatumwa kwenye butike ya dawa, analeta unga wa njano ndani ya kapaketi, unga unakorogwa ndani ya maji ya kunywa, kuku wote wanakunywa, wagonjwa na wazima. Siku hiyo hiyo mayai yanaokotwa sawa kawaida, na kesho yake yako sokoni. Hakuna mtu aliyefanya kwa ubaya. Anaokoa mali yake.

Lakini dawa aliyokunywa kuku haipotei saa ile ile. Sehemu inatoka na kinyesi, sehemu inabaki kwa muda ndani ya nyama, maini, figo, maziwa na yai. Wataalamu wanaita hayo mabaki ya dawa za mifugo. Hapo linakuja swali ambalo wakaaji wa Mbau, Oicha, Beni na Butembo hawajapewa jibu lake: ni kiasi gani kinabaki katika chakula wanachokula, na nani anakipima?

Kule Mbau kwenyewe, jibu ni fupi: hakuna labo ya kazi hiyo. Anayenunua trei ya mayai ao kilo ya nyama anatazama ukubwa, rangi na bei. Mabaki ya dawa hayaonekani kwa macho, hayana harufu, na ulimi hauwezi kuyajua.

Gramu 2 ndani ya lori zima

Ili kuelewa juu ya nini kazi hii inaomba labo, lazima kuangalia ukubwa wa kitu kinachotafutwa. Dunia iko na kitabu cha pamoja cha kanuni za chakula, Codex Alimentarius, kilichoanzishwa na FAO pamoja na OMS mwaka 1963. Kongo ni mwanachama. Kwa kila dawa, Codex inapanga kipimo cha juu kinachokubaliwa kubaki katika chakula. Kwa tetracycline na ndugu zake, dawa ambazo wafugaji wanaziita tu "tetra", kipimo ni mikrogramu 200 kwa kilo ya nyama, 400 kwa kilo ya mayai, 600 kwa kilo ya maini na 1,200 kwa kilo ya figo. Kwa penicillin ndani ya maziwa, ni mikrogramu 4 tu kwa lita.

Tufanye hesabu ya barabarani. Lori lenye kubeba tani 10 za nyama, kila kilo ikiwa na mikrogramu 200 za tetra: dawa yote ndani ya lori hilo ni gramu 2. Ni chini ya nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kwa penicillin, pipa la lita 200 za maziwa linafika kwenye mpaka wa Codex likiwa na chini ya miligramu 1 ya dawa.

Kipimo hicho kinaweza kufanya mtu aseme: kama ni kidogo hivyo, hofu ni ya nini? Neno hilo liko na sehemu ya ukweli. Yai moja lenye mabaki ya tetra haliui mtu mzima. Lakini dawa hazifanani. Mtu ambaye mwili wake unakataa penicillin anaweza kusumbuliwa na kiasi kidogo sana. Chloramphenicol inaweza, mara chache, kuharibu uboho wa mifupa unaotengeneza damu, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Ni sababu hiyo Ulaya iliikataza kwa mifugo ya chakula tangu 1994, na nchi nyingi zilifuata. Kwa dawa ya namna hiyo hakuna kipimo cha kukubaliwa: ikionekana, hata kidogo, chakula hakifai.

Na kuchemsha? Watu wengi wanatumaini moto. Moto unaua vidudu, lakini hauondoi dawa yote. Baadhi ya dawa zinapungua katika kupika, zingine zinabaki karibu zote. Supu iliyochemka saa mbili haimaanishi kuwa dawa imekwisha.

Mabaki ni moshi, moto uko kwingine

Hatari iliyo kubwa zaidi haiko ndani ya yai moja. Iko katika namna dawa zinavyotumiwa. Antibiotiki ikipewa kwa kipimo kidogo, ao ikiachwa mbele ya siku zake, ao ikipewa kila wiki "kwa kuzuia", vijidudu dhaifu vinakufa na vile vigumu vinabaki, vinazaana, na vinapita kwa watu kupitia mikono, nyama, mbolea ya kuku shambani na maji ya kisima. Mabaki katika chakula ni sawa moshi: yanaonyesha kwamba fasi fulani kuna moto.

Moto huo umekwisha kuhesabiwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa duniani sababu antibiotiki hazikuweza tena kushinda vijidudu vyao, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko sehemu zote. Vituo vya afya vya teritwari ya Beni havina dawa za bei kali za kubadilisha. Munganga wa kijijini yuko na amoxicillin, doxycycline, cotrimoxazole na zingine chache. Hizo ni jamaa moja na dawa zinazokorogwa katika maji ya kuku. Siku zitakapokataa kufanya kazi, mwenye kidonda cha panga ao cha risasi, mama aliyejifungua na mtoto mwenye nimonia ndio watakaolipa.

Kuna jambo lingine la kuumiza roho: sehemu ya dawa hizo zinatolewa bure kabisa, bila faida yoyote. Ugonjwa wa Newcastle, ule unaofagia kuku wa kijiji kizima kwa siku chache, unaletwa na virusi. Pesti ya ngurube ya Afrika pia ni virusi. Antibiotiki haiui virusi. Mfugaji anapoteza makuta, kuku wanakufa tu, na wale waliobaki wanauzwa haraka mbele hawajakufa, dawa ikiwa bado mwilini. Kwa Newcastle chanjo iko, na aina ya I-2 inayotiwa tone moja jichoni inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Kuku aliyechanjwa haombi tetra. Kwa njia hiyo chanjo yenyewe ni dawa ya mabaki.

Chakula cha kuku nacho kiko na siri

Watu wakisikia mabaki ya dawa, wanafikiri sindano. Lakini dawa inaweza kuingia kwa mlango wa chakula, kile wafugaji wanaita provende. Beni na Butembo wengi wanachanganya wenyewe: mahindi, soya, pumba, unga wa samaki wadogo, mashudu ya mawese, kisha wanaongeza unga wa vitamini ulionunuliwa kwenye depo. Unga huo mara zingine uko na antibiotiki ao dawa ya kuzuia kuhara damu kwa vifaranga. Kama lebo haiko, ao imeandikwa kwa luga isiyojulikana nyumbani, mtu anampa kuku dawa kila siku akidhani anampa vitamini.

Ulaya ilikataza antibiotiki za kukuza mnyama haraka tangu tarehe 1 mwezi wa 1, 2006. China ilikataza colistin kwa kazi hiyo mwaka 2017, kisha watafiti wake kutangaza mwaka 2015 kwamba kwa ngurube na kwa watu walikuta vijidudu vyenye kupitishiana uwezo wa kuishinda dawa hiyo. Colistin ni kati ya dawa za mwisho hospitalini, ile inayotolewa zingine zote zikishindwa.

Tena kuna kosa la mashine na la koleo. Chakula chenye dawa cha vifaranga kikichanganywa asubuhi, kisha chakula cha kuku wa mayai kikachanganywa saa sita katika pipa lile lile bila kusafisha, sehemu ya dawa inahama. Mwenye kuku wa mayai hakununua dawa, hakutoa dawa, lakini dawa iko katika mayai yake. Akishitakiwa, ataapa, na atakuwa anasema kweli. Ni kipimo cha chakula chenyewe tu kinachoweza kumtetea na kuonyesha kosa lilianzia wapi. Ndiyo maana nchi zinazofuata jambo hili kwa nguvu zinapima provende pamoja na nyama na mayai.

Namna kipimo kinavyofanyika

Kipimo kiko na ngazi mbili, na kuzichanganya ndiko kunaleta mawazo kwamba jambo hili ni la matajiri tu.

Ngazi ya kwanza ni kuchuja. Njia ya zamani inayotumiwa sana kwa maziwa inategemea kijidudu kisicho na hatari kinachopenda joto. Kiko ndani ya kichupa chenye rangi ya zambarau. Matone machache ya maziwa yanawekwa juu, kichupa kinakaa katika joto la digri 64 kwa karibu saa tatu. Kama maziwa hayana dawa, kijidudu kinakua, kinatoa asidi, na rangi inageuka njano. Kama kuna dawa, kijidudu hakikui, na rangi inabaki zambarau. Kuna aina za nyama na za mayai pia. Kwa yai kuna tahadhari moja: ute mweupe wenyewe uko na kitu cha asili kinachozuia vijidudu, na kwa hiyo sampuli inapashwa moto kwanza, digri 80 kwa dakika 10, ili yai lisishitakiwe bure.

Kazi hiyo haiombi jumba. Inaombwa chumba safi, friji, kifaa cha joto, moto wa umeme ao sola ya kutegemewa, na mtu aliyefundishwa. Matokeo yanapatikana siku ile ile. Lakini kuchuja hakusemi ni dawa gani wala ni kiasi gani kamili, na hakukamati kila dawa. Kunasema tu: hapa kuna kitu.

Ngazi ya pili ni kuhakikisha. Hapo inaingia mashine inayotenganisha vitu vilivyomo katika sampuli na kupima uzito wa chembe zake, hadi kutaja dawa kwa jina na mikrogramu kwa hesabu. Mashine hiyo ni ya bei kali, inaomba umeme usiokatika, gesi safi, na mafundi. FAO na shirika la nguvu za atomiki AIEA wanaendesha pamoja labo ya Seibersdorf karibu na Vienna, Austria, ambayo kwa miaka mingi imefundisha wataalamu wa Afrika kazi hii. Hakuna sababu ya kuota mashine kama hiyo Mbau. Inatosha sampuli chache zilizoshukiwa ziwe na njia ya kuifikia.

Majirani walijifunza namna gani

Sehemu ya mayai na vifaranga vinavyouzwa Beni na Butembo inatoka Uganda kupitia Kasindi. Kwa hiyo mambo ya Kampala si habari ya mbali. Mwaka 2023, kamati ya bunge la Uganda iliambiwa kuhusu utafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere uliokuta dawa za ukimwi, ARV, katika zaidi ya theluthi moja ya nyama ya kuku na katika nusu ya nyama ya ngurube iliyopimwa kutoka masoko ya Kampala na Lira. Wafugaji walikuwa wanazitoa kwa pesti ya ngurube na kwa Newcastle, na kwa kunenepesha. Mkaguzi wa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo aliambia kamati kwamba habari hiyo ilijulikana tangu 2014, na kwamba kulikuwa na hofu ya kuharibu biashara ya chakula kwenda inje.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini Uganda yenyewe iko na mfano wa upande mwingine. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko lake kwa samaki wa ziwa Victoria, sababu ya watu waliokuwa wanavua kwa sumu ya wadudu. Viwanda vilisimama, wavuvi wa Uganda, Kenya na Tanzania walikaa bila makuta. Soko la Uganda lilifunguliwa tena mwaka 2000, kisha nchi kupanga ukaguzi na vipimo vilivyokubaliwa. Samaki walikuwa wale wale na ziwa lile lile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na karatasi yenye kuonyesha kilichopimwa.

Kwa Grand Nord, somo liko wazi. Pasipo kipimo, mfugaji mwangalifu na mfugaji mzembe wanauza kwa bei moja, na siku uvumi ukitokea wote wanaanguka pamoja. Mtu akisema redioni kwamba mayai ya Mbau yako na sumu, nani atamjibu, na kwa karatasi gani? Vilevile akisema ni mayai ya Uganda. Huko Kasindi, OCC na huduma ya karantini ya wanyama na mimea ndizo zenye kazi ya kuangalia kinachoingia. Lakini kuangalia trei kwa macho ni jambo moja, na kuomba matokeo ya labo ni jambo lingine.

Barabara ya sampuli imekatwa na vita

Kuna kizuizi ambacho vitabu vya Codex havikuandika. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 Goma iko mikononi mwa M23, na uwanja wa ndege ulifungwa. Serikali ya mkoa ilihamia Beni. Mstari wa vita uko ndani ya teritwari ya Lubero. Huduma zilizozoea kutuma karatasi, makuta na sampuli Goma zilibaki bila mlango huo. Upande wa kaskazini, barabara ya Mbau-Oicha-Eringeti-Komanda, ile wanayopitia pia ng'ombe wanaotoka Ituri, imemwagika damu ya wasafiri kwa miaka. Nayo barabara ya Mbau-Kamango inajulikana kwa majina ya waliouawa kuliko kwa biashara.

Zinabaki njia mbili. Moja ni uwanja wa ndege wa Mavivi, ulio kati ya Beni na Mbau, kwenda Kinshasa ambako kuna labo kuu ya mifugo. Nyingine ni barabara ya Kasindi, kilometa kama 80 kutoka Beni, kisha Kampala, yenye Makerere na labo ya serikali ya kemia kule Wandegeya. Njia zote mbili zinaomba sanduku la barafu, namba kwa kila sampuli, kifungo kisichofunguliwa njiani, na mapatano yaliyoandikwa. Sampuli iliyooza, ao isiyojulikana ilitoka kwa nani, haina kazi hata mbele ya mashine ya mwisho.

Karibu zaidi kuna Butembo. Chuo Kikuu cha Graben, UCG, kiko na kitivo cha udaktari wa mifugo. Wanafunzi wake kila mwaka wanatafuta kichwa cha habari cha kazi yao ya mwisho. Ngazi ya kwanza, ile ya kuchuja, ingeweza kukaa hapo bila kungojea amani ya jumla.

Atakayesema haiwezekani akumbuke Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, kisha kuonekana Mangina, teritwari hii hii ya Beni. Uliisha tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Katika kipindi hicho INRB na wenzake waliweka labo Beni, Butembo na hata Mangina, na matokeo yalitoka kwa masaa badala ya kungojea Kinshasa. Risasi zilikuwa zinalia wakati huo pia. Wakaaji walijifunza jambo lingine tena, kwa uchungu: pasipo kuelezwa kipimo ni cha nini na matokeo yanakwenda wapi, watu wanakikataa, na wako na sababu zao. Kipimo cha mayai kikija sawa polisi wa kukamata na kutoza, mayai yatafichwa na hakuna kitakachojulikana.

"Watu wanakufa, nanyi mnahesabu mikrogramu?"

Swali hilo litaulizwa Mbau, na halifai kudharauliwa. Mtu aliyezika ndugu zake mwezi uliopita hawezi kuamka akiogopa tetra ndani ya yai. Njaa nayo ni ya leo, vijidudu vigumu ni vya kesho.

Lakini ni mtu yule yule aliyekimbia anayekaa wanane ndani ya chumba kimoja na kuku chini ya kitanda. Ni yeye anayepelekwa kituo cha afya akiwa na kidonda, na ambaye hana makuta ya dawa ya pili kama ya kwanza imekataa. Vita inafanya antibiotiki ziwe za lazima zaidi, na saa ile ile inafanya zitumiwe ovyo zaidi, sababu munganga wa mifugo hafiki kijijini, na duka la dawa halikaguliwi. Kulinda dawa chache zinazofanya kazi ni kulinda watu wasiokuwa na nyingine. Wala si lazima kuchagua kati ya usalama na kipimo. Askari hawapimi mayai, na wapimaji wa mayai hawangojewi mbugani.

Mayai 59

Kazi ya kwanza si kubwa sawa watu wanavyofikiri. Kuna hesabu inayotumiwa katika ukaguzi wa chakula: kama asilimia 5 ao zaidi ya wauzaji wako na mayai yenye mabaki, kuchukua mayai kutoka kwa watu 59 waliochaguliwa bila upendeleo kunatoa nafasi 95 kwa 100 ya kukamata angalau mmoja. Kama tatizo liko kwa asilimia 10, watu 29 wanatosha. Kwa kukamata tatizo la asilimia 1, wanaombwa 299. Sampuli 59 kutoka Mbau, Oicha na Beni zinaenea katika trei mbili tu. Hazitasema kila kitu, lakini zitatoa jibu la kwanza ambalo leo halipo.

Matokeo ya kwanza yasitaje majina. Yatumike kujua dawa gani inaonekana, inatoka depo gani, na kama kosa liko kwa maji ya kunywa ao kwa provende. Hapo ukaguzi wa mkoa wa kilimo, uvuvi na ufugaji, UCG, OCC, shirika la raia na wafugaji wenyewe watakuwa na kitu cha kujadili mezani. Adhabu inaweza kuja kisha, kwa anayeuza dawa zilizokatazwa ama kapaketi bila jina.

Mbele ya labo yoyote, kuna kipimo kimoja ambacho mfugaji anaweza kukifuata kuanzia leo: siku. Kila dawa ya mifugo yenye lebo inaandika muda wa kungojea mbele ya kuchinja, kukamua ao kuuza mayai. Kwa Kifaransa inaandikwa "délai d'attente" ao "temps d'attente". Kwenye chupa zinazotoka Uganda inaandikwa "withdrawal period". Kwa oxytetracycline ya muda mrefu, lebo nyingi zinaomba kati ya wiki 3 na 5 kwa nyama ya ng'ombe. Kwa kuku wa mayai, dawa zingine zimekatazwa kabisa. Sababu iko ndani ya mwili wa kuku: kiini cha njano kinajengwa haraka katika siku karibu 10 za mwisho mbele yai halijatoka. Kwa hiyo yai la wiki ijayo limekwisha kuanza kupokea dawa ya leo. Kuacha dawa jumatatu na kuuza mayai jumanne si kungojea.

Muda huo unafaa tu kama kipimo cha lebo kimefuatwa. Anayetoa mara mbili, muda wake pia unarefuka, na hakuna anayejua hadi wapi. Anayenunua unga ndani ya kapaketi kasiko na jina hana hata fasi ya kuanzia kuhesabu. Kuomba chupa yenye lebo, kuandika kwenye kadaftari jina la dawa, tarehe ya kwanza, tarehe ya mwisho na kuku wangapi, kutenga mayai ya siku hizo: hayo hayaombi umeme wala ndege ya Mavivi. Na siku labo itakapofika, kadaftari hako ndiko kitu cha kwanza itakachouliza.

Kwa mnunuaji pia kuna neno. Swali la "kuku wako walikunywa dawa lini?" linaweza kuulizwa sokoni bila matusi, sawa vile mtu anauliza kama maharagwe ni ya msimu huu. Mwenye kadaftari atajibu kwa tarehe. Asiye nako atajibu kwa kiapo, na kwa jambo la mikrogramu, kiapo hakitoshi.